Juu ya Kuokoa Umeme Ofisini

Ndugu wanachama, watu wengi hudhani kuokoa umeme ni kuzima taa. Si hivyo sana. Taa moja ya LED hula yapata wati 10, na mwanga wake hukaribia ule wa taa ya kale ya wati 60. Mlaji mkubwa ni kiyoyozi: kile cha chumba kidogo, kikifanya kazi kwa nguvu, hula yapata wati 1,000, yaani sawa na taa hizo mia moja. Nasi, mchana wa Januari hapa Dar es Salaam, twakitia nyuzi 18, kisha twavaa koti, na dirisha li wazi! (Twakiri, hata sisi tumefanya hivyo.) Nyuzi 25 zatosha. Malipo yake hutoka katika fungu la matumizi mengineyo, ndilo litoalo karatasi na nauli zetu za safari.

Lililo gumu ni hili: mkubwa akienda mkutanoni akakiacha chake kikinguruma, ni karani gani athubutuye kukizima? Basi twawaomba wakubwa, nao ni wanachama wenzetu, watoe ruhusa hiyo kwa kinywa chao, mbele ya makarani wote, kesho asubuhi.