Banda la Jirani Limesamehewa, Lako Limepewa Notisi

Hotuba kwa wakulima katika baraza la wadi



Chukueni mfano wa wakulima wawili wa wadi moja. Wa kwanza aliuliza kuhusu banda la kuku, akaambiwa na afisa kwamba jengo la shamba halihitaji kibali. Wa pili akajenga la ukubwa uleule, mabati yaleyale, akaletewa notisi ya kusimamisha kazi. Ana haki ya kuuliza: sheria ni moja au ni mbili?

Ni moja. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahesabu kazi yoyote ya ujenzi juu ya ardhi kuwa uendelezaji, na uendelezaji unahitaji idhini ya kaunti. Anayejenga bila idhini anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili. Kwa hivyo msamaha wa mdomo haumlindi mkulima, hata ukitoka kwa afisa mwenye heshima zake. Yule wa kwanza naye aombe barua.

Wa pili ana siku 14 tangu apokee notisi kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza rufaa za mipango ya ardhi. Aliyenyimwa kibali pia ana siku 14, tangu uamuzi utolewe. Asiyeridhika na kamati huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku hizo 14 ndizo huponza watu: leo afisa yuko nyanjani, kesho rudi Jumatatu, muda umekwisha. Kuzungumza na ofisi si vibaya, ila rufaa iandikwe huku mazungumzo yakiendelea.

Kusema tu "jirani alisamehewa" hakutoshi. Aambatishe vipimo, picha, matumizi ya jengo na umbali wake kutoka barabarani na mtoni, kisha aulize tofauti iko wapi. Banda lililogeuzwa duka la chakula cha mifugo, hilo lina tofauti. Isipokuwepo, ofisi ndiyo yenye deni la maelezo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ofisi isipozitoa, Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataka uamuzi uchukuliwe kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vingine.

Na anayeomba kibali sasa, siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, idhini huhesabiwa imetolewa. Ahifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila muhuri huo, siku 60 zitahesabiwa kuanzia lini?