WADUDU WAKIFA, MAGANDA YAO HUENDA WAPI?

Ndugu wakulima wa Moshi,

Kila mwaka wadudu wengi mno hufa kihambani: kunguni wa kahawa, ruhuka, mchwa, siafu. Nyama yao huoza kwa siku chache. Lakini ganda gumu la mdudu haliyeyuki kwa mvua. Kama yangebaki yote, ardhi ya Kibosho na Marangu ingekwisha kufunikwa zamani. Nani huyala?

Huyala hasa bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ganda hilo lina kitu kiitwacho kaitini, yaani nyuzi ndefu za sukari zilizobanana kama kamba ya mgomba iliyosokotwa sana. Bakteria hana meno. Hutoa vimeng'enya, na kila kimeng'enya kina kazi yake. Kimoja kina upande bapa unaonata juu ya kaitini kisichukuliwe na maji, tena kina mfereji. Ncha ya uzi huingia mferejini, ikakatwa vipande vya sukari mbili mbili, nacho husonga mbele bila kuuachia uzi. Taabu ni kuipata hiyo ncha. Mwaka 2010 wataalamu wa Norwe walieleza kwamba bakteria wana kimeng'enya kingine kinachokata uzi katikati, kamba ingali imebana, ndipo wenziwe wapate pa kuanzia. Baadaye ilionekana kwamba chombo hicho hutumia chembe moja ya shaba.

Naam, shaba, ile iliyomo katika dawa mnazonyunyizia kahawa kwa sababu ya chulebuni na kutu ya majani, kama mrututu wa zamani. Lakini msidhani kuzidisha dawa kutawasaidia bakteria. Chembe moja ni chombo. Nyingi ni sumu kwao, na shaba ikiingia udongoni haiondoki upesi. Fuateni kipimo cha Bwana Shamba.

Faida yenu ni hii. Kilo 100 za kaitini safi zina karibu kilo 7 za naitrojeni, chakula kile kile mnachonunua katika mfuko wa mbolea. Bakteria wakiivunja, mmea huipata. Tena kaitini imo katika ganda la yai la minyoo fundo wanaoharibu mizizi, na katika kuvu wa mnyauko wa migomba. Basi bakteria hawa huwasumbua adui hao pia. Sisemi ni dawa. Mgomba ulionyauka hautapona kwa njia hii.

Vimeng'enya hufanya kazi penye unyevu tu. Kwa hiyo msichome majani makavu ya migomba. Yatandazeni chini ya kahawa, na samadi iozeni kwanza katika shimo lenye kivuli. Ila buni zenye ruhuka msizitupe kwenye matandazo, maana mdudu yu hai ndani yake, na bakteria hawa hawatamwua. Ziokoteni zote, hata zilizoanguka, mzitumbukize katika maji yanayochemka, ndipo ziingie shimoni.