Kengele ya Mwanafunzi wa Kutwa
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano wa Mwaka, Kiganjo)



Tuna machache ya kunena juu ya jambo linalogusa nyumba nyingi za Kiganjo, yaani masomo ya jioni ya vijana wetu wa sekondari.

Mwanafunzi wa bweni ana kengele. Ikilia jioni huenda darasani, akakuta meza, taa na utulivu, na mwalimu wa zamu hupita kuangalia. Kijana wa kutwa hana kengele hiyo. Mwaka 2008 Serikali ilianza kugharimia mafunzo katika shule za sekondari za kutwa, na watoto ambao karo ingaliwazuia wakapata kuingia. Hiyo ni neema kubwa. Lakini fedha ya Serikali hulipia mchana. Jioni imeachwa mikononi mwetu.

Nayo jioni yetu twaijua. Baba yuko zamu ya usiku kiwandani, mjini Thika. Mama hajafunga kibanda chake cha mboga. Chumba ni kimoja, redio yanena, watoto wadogo walia. Msichana huteka maji, hupika, huosha vyombo, na afunguapo kitabu macho yamekwisha kuwa mazito. Asubuhi hunakili hesabu za mwenzake kabla mwalimu hajaingia, au huiuliza simu, nayo humpa jibu zima asilolielewa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Na ndani ya chumba cha mtihani hakuna hata wa kumwazima.

Mwakumbuka mwezi wa Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni, lakini hapakuwa na mwalimu wa kumwambia mtoto aketi. Miezi ile ilitufundisha kwamba kujisomea si kipaji cha wachache. Ni desturi, na desturi hujengwa mapema, siku kwa siku.

Wapo wazazi wasemao, "Sisi hatukufika sekondari, hesabu za siku hizi tutazisaidiaje?" Kwa heshima twawajibu kwamba mzazi hahitaji kujua jibu. Na ampe mtoto saa moja isiyoingiliwa na kazi za nyumbani, mvulana na msichana sawasawa. Kisha amwambie, "Funga kitabu, unieleze ulichosoma." Akieleza vema, amejua. Akikwama, yeye mwenyewe ataona mahali pa kurudia.

Neno hili si la kubahatisha. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Baadhi yao walisoma habari fupi kisha wakaisoma tena. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaandika waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja walikumbuka kama sehemu 42 katika 100, na wale waliojipima wakakumbuka kama 56. Kurudia kusoma humpa mtu raha ya kudhani amejua; kujiuliza ndiko kunakodumu.

Sasa twaja kwenye ombi letu. Mkutano huu utaamua matumizi ya akiba ya mwaka. Wenzetu wapendekeza tununue viti vya kukodisha katika harusi na matanga. Shauri hilo si baya, maana viti huleta mapato. Hata hivyo twaomba taa na meza zitangulie, na ukumbi wetu ufunguliwe Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku. Maktaba iko Thika, nasi twawahimiza vijana waitumie. Ila si kila mtoto awezaye kwenda na kurudi kila jioni.

Ieleweke kwamba hili si darasa la kulipia. Hatutatoza senti, wala hatutafundisha wakati wa likizo, jambo lililokatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Wanafunzi wa vidato vya juu hawatawafanyia wadogo kazi zao. Watawauliza maswali tu mpaka wafikie jibu wenyewe. Simu zitawekwa mezani pa msimamizi, na atakayehitaji kutafuta neno ataomba.

Liko sharti moja tusiloweza kulilegeza. Saa 2 usiku ni giza, na wasichana hawawezi kuachwa warudi peke yao. Kila jioni yahitajika wazazi wawili wa kuwasindikiza hadi milangoni mwao. Jioni ambayo wazazi hao hawatapatikana, ukumbi hautafunguliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuinua mikono kupitisha fedha, twaomba kila mmoja aandike jina lake na siku atakayoweza kuja. Daftari liko hapa mbele. Fedha itanunua taa. Kengele yenyewe ni nyinyi.