BETRI YA USHIRIKA IMEKUFA: TUSEME KWELI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kerenge. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Tumesimama kueleza habari ya betri ya ofisini, kwa sababu fedha iliyopotea ni ya wote. Tulinunua betri ya gari pamoja na inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe wa volti 230 kama wa nguzo. Tukachaji simu, tukawasha taa, mambo yakawa safi. Ikaja televisheni. Halafu ikaja pasi. Baada ya miezi michache betri ikawa haikai na chaji hata saa moja. Tulimlaumu muuzaji. Jamani, kosa lilikuwa letu.

Umeme siyo mgeni wilayani kwetu. Mitambo ya Hale inafua umeme wa mto Pangani tangu 1964. Wakala wa Nishati Vijijini nao, ulioanza kazi 2007, umefikisha nguzo vijiji vingi. Lakini nguzo kufika kijijini siyo kufika kila nyumba, na siku umeme ukikatika wote tuko sawa. Kwa hiyo betri bado tunaihitaji, ila tuijue.

Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha gari lenyewe linaijaza. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiikausha mara kwa mara zinaharibika, na ukiiacha imelala bila chaji zinaota ugumu. Msingoje inveta ilie. Nyingi hulia volti zikikaribia 10.5, na hapo betri imekwisha umia. Betri iliyopumzika ikisoma volti 12.2, iko nusu. Hapo ndipo pa kuacha.

Sasa hesabu. Betri nzima ya ampea-saa 70: 12 mara 70 ni wati-saa 840. Nusu yake ni 420. Inveta nayo inakula chake, tuseme 60. Tunabaki na 360 tu. Basi:

- Taa nne za LED za wati 5: saa 18.
- Mashine ya kunyolea ya wati 12: saa 30.
- Televisheni ya wati 60: saa 6.
- Pasi ya wati 1000: kwa hesabu dakika 20, na kwa kweli haifiki hata hizo, maana inavuta ampea zaidi ya 80 kwa mpigo.

Vijana waliuliza juu ya friji ya soda. Friji ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa. Inveta ndogo haiwezi.

Na hatari ni hizi. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka, basi isikae chumba cha kulala watoto wala karibu na moto. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi iwekwe kwenye waya wa chanya karibu na betri. Umeme unaotoka kwenye inveta unaua sawasawa na ule wa nguzo. Maji yakipungua tuongeze maji yaliyosafishwa ya betri. Siyo ya kisima, na siyo tindikali.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo manne mkutano uamue:

1. Pasi, birika na jiko marufuku kwenye betri ya ushirika, hata kwa kiongozi.
2. Taa na chaja za simu ziwe za volti 12, zichukue moja kwa moja bila kupitia inveta.
3. Pawe na daftari: nani katumia, chombo gani, saa ngapi, volti ngapi.
4. Tukinunua tena, tununue betri ya sola yenye sahani nene, na paneli, na kifaa cha kulinda chaji. Bei yake iko juu, lakini haifi upesi hivi.

Mpaka hapo tutakapokubaliana, mtu asichangishwe hata shilingi moja. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeiona kwa macho.



Kamati ya Ushirika