Maneno ya Mashabiki wa Benchi za Nyuma



Tumeombwa tuseme kwa niaba ya wale wasioimba. Sisi ni wa benchi za nyuma. Baadhi yetu tulijaribu kujiunga na kwaya, tukaambiwa kwa upole kwamba sauti zetu zinatosha kwa “Amina”. Lakini kusikiliza tunajua. Na kwa kuwa leo kwaya yetu inatimiza miaka 25, tunataka kuwaambia jambo tulilolipata kwa kuifuata kwaya nyingine, Ambassadors of Christ ya Rwanda. Mnajua tunavyoipenda. Watu wa nyumbani kwetu wanajua pia nauli ambayo mapenzi hayo yametugharimu.

Tuliifahamu kwanza kwenye VCD. “Kwetu Pazuri” ilipofika huku, ilipigwa kwenye matatu, kwa kinyozi na kwenye matanga, mpaka watoto wetu wakaijua kabla ya kujua kusoma. Tuliitazama mara nyingi hata tukajua nani anasimama mstari gani. Majina yao hatukuyajua, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu.

Historia yao tuliisikia baadaye. Walianza mwaka 1995 katika kanisa la Waadventista la Remera, Kigali, mwaka mmoja tu baada ya mauaji ya kimbari. Hebu fikirieni vijana wanaokutana kufanya mazoezi ya nyimbo katika mji kama ule, mwaka kama ule.

Kisha Mei 2011, wakiwa njiani kurudi nyumbani kutoka Tanzania, walipata ajali ya barabarani na watatu kati yao wakafariki. Habari ilipotufikia, tulikuwa tumekusanyika kwa mwenzetu mmoja. Akaweka ile VCD. Haikupita dakika mbili tukamwambia azime. Wote walikuwa pale kwenye skrini, wazima, wakiimba kama jana.

Walipokuja Kenya baada ya hapo, tulichanga pesa tukapanda matatu ya usiku kwenda Nairobi. Tulifika mapema mno, tukanywa chai ya bei ambayo hatutaitaja hapa madhabahuni. Viti vyetu vilikuwa mbali. Walipoingia na kujipanga, kila mmoja wetu alianza kuwahesabu kimoyomoyo, bila kuambiana. Tulikuja kugundua baadaye, tukiwa njiani, kwamba sote tulikuwa tumefanya hivyo.

Kati yetu alikuwepo mwenzetu aliyekuwa amemzika mkewe. Siku ya mazishi wimbo ule ulipigwa asubuhi hadi jioni kwa spika ya kuazima, na tangu siku hiyo alikataa usipigwe nyumbani kwake. Tulimshawishi aje, naye akatuonya kwamba wakiuanza atatoka nje. Wakauanza. Watu wakasimama, wakaimba kwa nguvu hata kwaya yenyewe tukawa hatuisikii vizuri. Tulimgeukia. Alikuwa amesimama, anaimba, na aliuimba hadi mwisho. Kwenye matatu alikaa kimya mpaka tulipopita Thika, ndipo akasema, “Wao pia wamezika.” Hakusema zaidi, nasi hatukumuuliza.

Sasa tuje nyumbani, na mtusamehe kwa kusema haya siku ya sherehe.

Mliporekodi albamu yenu tulifurahi. Tuliinunua, wengine nakala tatu. Lakini mwaka huu kuna Jumapili mbili au tatu ambazo mliweka flashi kwenye mitambo, mkasimama mbele mkichezesha midomo. Tuliona. Watu wa nyuma huona mengi. Tunajua sababu: mazoezi yalikuwa machache, wengine mlitoka kazini usiku, na albamu imepangwa vizuri kuliko sauti za asubuhi ya baridi. Hatuwalaumu.

Ila kwenye albamu ile yumo mzee wetu wa besi, aliyetutangulia mwaka jana. Kuisikia sauti yake tunapenda, na nyumbani tunaipiga. Lakini Jumapili ile ilipotoka kwenye spika, na nafasi yake pale mwisho wa mstari ikiwa wazi, hatukujua tuangalie wapi. Mjane wake alikuwa benchi ya pili. Wengi wenu mlikuwa mmempa mgongo, mkimtazama mwalimu, kwa hiyo labda hamkumwona alivyoinamisha kichwa.

Ombi letu ni hilo tu. Besi sasa ni nyembamba, tunajua. Yupo kijana wa kidato cha pili anayejaribu kuijaza, na kwenye ubeti wa pili hupotea. Mahali anapopotea tumepajua. Akifika hapo sote huku nyuma tunashika pumzi, na akirudi njiani tunakanyagana miguu kwa furaha. Hayo hatuyapati kwenye flashi.

Kwa hiyo leo tumefanya ujeuri kidogo. Tumemwomba kijana wa mitambo aache maikrofoni tu, flashi aiweke mfukoni, naye amekubali. Mwalimu, usimkaripie, tulimbembeleza sana. Chai tumeshakunywa, watoto tumeshawatuliza, tumekaa palepale petu. Anzeni mkiwa tayari.