Bwawa la Turkwel: Tudai Hesabu



Tangu 1991 ukuta wa Turkwel, uliopinda kama upinde na wenye kimo cha mita 153, umezuia mto unaotoka Mlima Elgon. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 106, na umeme huo huenda Lessos, kwenye gridi ya taifa.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinataka faida ya maliasili igawanywe kwa haki. Swali letu ni moja: bwawa limeingiza shilingi ngapi, na wenyeji wamepata ngapi? Sisi Wapokot na jirani zetu Waturkana tukigombania mpaka, hakuna atakayetujibu.

Jumamosi tunatia saini ombi la kwenda Bungeni. Njooni na vitambulisho.

Katibu wa Tawi