Bei ya Tableti Mbele ya Mnunuzi wa Kalehe



Mtu akitengeneza tableti mpya na kutaka ishindane, aiuze bei gani? Mnunuzi ninayemfikiria ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalehe, Kivu Kusini, au mama anayeuza samaki wa sambaza kando ya Ziwa Kivu.

Mwanzoni mwa 2012, Vérone Mankou wa Brazzaville alitoa Way-C, tableti iliyobuniwa kwao na kuundwa China. Aliiuza karibu dola 300. Kwa kuwa iPad ilianzia dola 499 tangu 2010, bei hiyo ilionekana nafuu. Lakini Novemba 2011 Amazon ilikuwa imekwisha kuanza kuuza Kindle Fire kwa dola 199, na katikati ya 2012 Google ikaleta Nexus 7 kwa bei hiyohiyo. Ujasiri wa Mankou nauheshimu hadi leo. Ila anayeagiza mashine chache kiwandani hapewi bei ya mwenye kuagiza mamilioni, tena Amazon haikutegemea faida ya mashine yenyewe. Iliitafuta kwenye vitabu na filamu.

HP, kampuni yenye jina na mtaji, iliteleza vibaya zaidi. Julai 2011 iliweka TouchPad sokoni kwa dola 499, sawasawa na iPad. Agosti ikaiacha, na ilipoteremsha bei hadi dola 99 watu wakaigombania hadi ikaisha. Wanunuzi walikuwepo tangu mwanzo. Walichokataa ni mgeni kudai bei ya mwenyeji.

Basi tushushe tu bei? India ilijaribu. Oktoba 2011 serikali ilizindua Aakash, iliyokusudiwa kumfikia mwanafunzi kwa dola 35 hivi baada ya ruzuku. Skrini yake ilitaka kubonyezwa kwa nguvu na betri ilikwisha upesi. Fikirini mashine ya namna hiyo kwetu, ambako wengi hulipia kuchaji kwenye vibanda vya sola. Betri mbovu inamtoza mwenyewe kila siku, na mwisho wa mwaka ile iliyoitwa rahisi imekula zaidi ya ile iliyoitwa ghali.

Kuna hoja nyingine naisikia kila mara, na naomba tuiache: kwamba koltani inatoka Numbi na kasiteriti inatoka Kalimbi, humu humu Kalehe, kwa hiyo tableti ingepaswa kuwa rahisi kwetu. Tantali itokanayo na koltani, iliyomo ndani ya tableti moja, haifiki gramu. Hata ingetolewa bure, mnunuzi asingeona tofauti ya bei, kwa sababu fedha nyingi zimo kwenye skrini, prosesa, kumbukumbu na betri. Mchimbaji anastahili malipo bora kwa jasho lake na kwa hatari ya shimo analoshuka. Hiyo ni haki yake, iwe tableti ni dola 50 au 500.

Panapoweza kupunguzwa ni njiani: ushuru wa forodha, kodi ya TVA ya asilimia 16, na vizuizi vya barabarani. Mnaikumbuka tozo ya RAM, iliyoanza 2020 na kufutwa 2022: mwenye simu ya intaneti alitozwa dola 7 kwa mwaka, zikikatwa kwenye uniti zake. Serikali inayotaka watoto wasome kwa mashine haiwezi pia kumtoza mzazi kwa kuimiliki.

Mshindani wa kweli wa tableti hapa ni simu ya Tecno au itel. Simu inapiga, inapokea, inatuma pesa, na inaingia mfukoni. Tableti haimwondolei mtu haja ya simu. Itanunuliwa baada yake, kwa fedha zilizobaki. Kwa hiyo sioni namna ya kuivusha dola 80, ushuru ukiwa ndani, na mwalimu akiruhusiwa kulipa kidogokidogo kwa miezi. Betri ishike siku nzima ya masomo. Vitabu viwe vimekwisha kuwekwa ndani, maana mega za intaneti ni ghali. Na skrini ya kubadilisha ipatikane Kadutu, mjini Bukavu, kwa bei isiyozidi robo ya mashine; ikizidi hapo, fundi atamshauri mwenyewe asiitengeneze, na dola zake 80 zitakuwa zimepotea kwa mpasuko mmoja.